Ghala ya Vibao katika Mlima Gaya

Jioni hii twataka kuwapeleka Korea ya Kusini, katika mlima Gaya, ilipo nyumba ya watawa wa Kibudha iitwayo Haeinsa, iliyoanzishwa mwaka 802. Njia yake yapanda kati ya misonobari, na mto wavuma kando. Tulifika juu tukihema, walakini hatukukawia penye sanamu, maana tulilolifuata lilikuwa nyuma ya majengo yote: ghala ya vibao.

Vibao hivyo ni zaidi ya 81,000. Kila kimoja kimechongwa pande mbili kwa herufi za Kichina zilizopinduliwa, tayari kwa kuchapa vitabu vya dini ya Buddha. Vya kwanza viliteketezwa na Wamongolia mwaka 1232. Wakorea wakaanza upya, vita vingali vikiendelea, wakamaliza mwaka 1251.

Hatukuruhusiwa kuingia, tulichungulia katikati ya fito za madirisha. Madirisha ya mbele ni makubwa chini na madogo juu, na ya nyuma ni kinyume chake, ili upepo uingie, uzunguke, kisha utoke. Sakafu ni ya udongo uliochanganywa na makaa, chumvi na chokaa. Hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa ukavu. Sisi walimu, ambao daftari zetu huliwa na mchwa kabla ya kutimia miaka kumi, tuliona haya kidogo. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga ghala nyingine ya kisasa. Vibao vichache vilivyojaribiwa humo vikaota ukungu, basi vyote vikaachwa palepale pa zamani.

Lakini upepo hauzuii bomu. Mwaka 1951, katika vita vya Korea, wapiganaji wa upande wa Kaskazini walijificha Haeinsa, na rubani Kim Young-hwan akaamriwa kupapiga mabomu. Akajua kilichomo mle. Akakataa, akawazuia na marubani aliowaongoza, naye alijua vema adhabu ya askari akataaye amri vitani. Alifariki mwaka 1954, angali kijana.

Wakati wa kushuka tulipita penye jiwe la ukumbusho wake, lililosimamishwa mwaka 2002. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na kule juu madirisha yalikuwa wazi kama siku zote.