Faili la Mtoto na Haki ya Mzazi Kulisoma



Mada tuliyopangiwa asubuhi hii yahusu karatasi. Huenda baadhi yenu mmeshangaa kwamba semina juu ya haki za familia itenge saa nzima kwa ajili ya mafaili, hali wako wazazi ambao watoto wao wamo katika makao ya watoto na hawajui watarudi lini. Ni kwa ajili ya wazazi hao hao tunazungumza. Mtoto anapoondolewa nyumbani, kinachomtangulia kila mahali ni maandishi. Polisi huandika katika kitabu cha matukio, chifu huandika barua, afisa wa watoto huandika ripoti baada ya kuizuru familia, na hakimu, ambaye hajapata kukiona chumba anacholala mtoto, huamua kwa kadiri ya yale aliyowekewa mezani. Mama akiandikwa kwamba amemtelekeza mwanawe, hali siku zile alikuwa amelazwa hospitalini, neno hilo litamfuata hata katika shauri la kuasili, ambako mahakama yaweza kuondoa sharti la ridhaa ya mzazi aliyetelekeza.

Tutoe mfano wa nje, kwa kuwa umeandikwa wazi katika hukumu na kila mtu aweza kuuchunguza. Mwaka 1987, mjini London, msichana wa miaka minne alihojiwa na daktari wa magonjwa ya akili pamoja na mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa kuwa ilidhaniwa amenajisiwa. Mahojiano yalirekodiwa kwa video. Mtoto alitaja jina la aliyemdhuru, na wakubwa wale wakaamini kwamba ni mwanamume aliyekuwa akiishi na mama yake, maana naye aliitwa hivyo hivyo. Mtoto akachukuliwa. Mama aliomba kuona rekodi ile, akanyimwa. Ilipita karibu mwaka mzima kabla mawakili wake hawajapata maandishi ya mahojiano, na hapo ikaonekana kwamba mtoto alikuwa ametikisa kichwa kukataa alipoulizwa kama mtu huyo anaishi nyumbani kwao. Alikuwa akimtaja mtu mwingine mwenye jina hilo, aliyekwisha kufukuzwa na mama. Mtoto akarudishwa.

Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliamua kwamba haki ya mama na mtoto ya maisha ya familia ilikuwa imevunjwa. Yafaa tuseme ukweli wote: mahakama haikulaumu tendo la kumwondoa mtoto siku ile ya kwanza, kwa kuwa hofu ilikuwa na msingi. Ililaumu kwamba swali la kumwonyesha mama ushahidi halikupelekwa upesi mbele ya hakimu. Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kusema jambo la namna hiyo mwaka 1995, katika kesi ya McMichael ya wazazi wa Scotland, ambao ripoti juu yao zilisomwa na wajumbe wa baraza la watoto lakini wao wenyewe hawakupewa.

Sasa turudi kwetu Kenya. Hukumu za Strasbourg hazitufungi, wala hatuna haja ya kuziazima, maana sheria zetu zimekwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine, kama makao ya watoto ya binafsi, iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake. Kifungu hicho chasema pia kwamba mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaeleza namna ya kuomba. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Basi afisa anayemrudisha mzazi kwa sababu barua yake ni ya Kiswahili, huyo ndiye anayekwenda kinyume cha sheria. Asiyejua kuandika lazima asaidiwe na ofisi yenyewe. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ila gharama ya kunakili karatasi yaweza kudaiwa. Wala mzazi halazimiki kueleza kwa nini anataka.

Iko na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, ambayo twaiona ni rafiki zaidi kwa watu wengine. Kifungu cha 35 cha Katiba husema "raia", lakini sheria hii humlinda kila mtu ambaye habari zake zimehifadhiwa. Kwa hiyo mama mkimbizi wa Kakuma au Dadaab aweza kuitumia. Nayo hukubali kwamba mwenye mamlaka ya mzazi aombe kwa niaba ya mtoto. Kanuni zake za mwaka 2021 zatoa siku 7 za kujibu, bila malipo.

Hata hivyo, tusiwadanganye wazazi. Faili la mtoto si mali ya mzazi. Ndani yake mna jina la jirani aliyepiga ripoti, mna siri ambazo mtoto alimnong'onezea afisa, na pengine mna anwani ya nyumba alikofichwa pamoja na mama aliyekimbia kipigo. Baba anayetaka anwani hiyo asipewe, hata akija na wakili. Kifungu cha 53 cha Katiba kimeweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Lakini kuzuia kurasa arobaini kwa sababu ya jina moja ni uvivu tu. Jina hufunikwa kwa wino, na karatasi nyingine hutolewa.

Mnapomsaidia mzazi kuandika, msiridhike na kuomba "faili lote". Tajeni jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, siku aliyochukuliwa, namba ya kitabu cha matukio cha polisi, na namba ya shauri kama lilifika mahakamani. Ombeni ripoti ya uchunguzi wa familia, amri ya kumpeleka makao, na kumbukumbu za ziara. Nakala ya barua igongwe muhuri wa tarehe, maana kwa sheria ya mwaka 2016 ofisi ina siku 21, na yaweza kuongeza 14 mara moja tu. Na jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Muda huo ukipita kimya, sheria huhesabu kwamba ombi limekataliwa, na mzazi ana siku 30 za kwenda kwenye Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman. Akiwa ametumia sheria ya data, malalamiko yake huenda kwa Kamishna wa Data.

Siku ya kulisoma faili, mzazi asiende peke yake. Atayakuta maneno makali juu yake, mengine ya kweli, na pengine yameandikwa na mtu anayekutana naye kila siku kisimani.