"Sista, mbona Marekani wanauza dukani?"

Mazungumzo haya yalitolewa na muuguzi mmoja mbele ya vijana wa Lyamkena, Makambako. Wengi waliofika walikuwa waendesha bodaboda, wapakiaji wa mbao na wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.

Kamwene vijana! Haya, sogeeni mbele, baridi ya leo si ya kukaa mlangoni.

Nimeombwa nizungumze juu ya bangi. Naona wengine mmeshakunja mikono mkingoja kukemewa. Leo sikuja kukemea mtu. Afya nitaigusa, maana ndiyo kazi yangu, lakini kilichonileta hasa ni sheria. Katika miaka yangu ya uuguzi nimewaona waliochanganyikiwa kwa bangi, ndiyo, ila nimewaona pia waliopotea jela na hawajawahi hata kuivuta.

Nianze na swali ambalo vijana huniuliza kila ninapokwenda: "Sista, mbona Marekani wanauza dukani? Kama ni mbaya, wale wasomi wote hawajui?"

Swali zuri. Ni kweli wanauza. Jimbo la California liliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 1996, kwa kura ya wananchi. Mwaka 2012 Colorado na Washington wakaruhusu watu wazima waitumie hata kwa starehe, na hadi mwaka 2024 majimbo yaliyofanya hivyo yalikuwa 24. Kanada iliruhusu nchi nzima Oktoba 2018. Ujerumani ikafuata Aprili 2024: mtu mzima anaweza kutembea na gramu 25 na kuotesha miche mitatu nyumbani.

Sasa sikilizeni upande ambao kwenye simu zenu hauonyeshwi. Huko huko Marekani, mwenye umri chini ya miaka 21 haruhusiwi kuingia kwenye duka hilo kununua kwa starehe. Ukinunua Colorado ukavuka nayo mpaka kwenda jimbo la Kansas, umekuwa mhalifu. Serikali kuu ya nchi nayo bado inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa, kwa hiyo Mtanzania aliyekwenda kusoma akaivuta kwa uhuru kabisa katika jimbo linaloruhusu, anaweza kunyimwa viza au kurudishwa nyumbani kwa ajili hiyo hiyo. Yaani nchi moja, bendera moja, lakini sheria inabadilika kama hali ya hewa ukitoka Makambako kushuka Usangu.

Na kwa majirani je? Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuitumia na kuiotesha faraghani. Kuuza bado ni kosa. Malawi, hapo ng'ambo ya Ziwa Nyasa tu, walitunga sheria mwaka 2020 ya kulima kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Kuna kijana alinieleza kwa furaha kwamba "Malawi wamefungulia." Hawakufungulia, mwanangu. Walitoa leseni kwa makampuni. Anayevuta msokoto wake kijiweni bila ruhusa ya mtu bado anakamatwa.

Hapa kwetu hoja hiyo imewahi kufika bungeni. Mwaka 2019 mbunge wa Kahama Mjini wakati huo, Jumanne Kishimba, alisimama akataka serikali ifikirie zao hilo kwa ajili ya dawa. Watu walicheka, wengine wakapiga meza. Mimi sikucheka, kwa sababu ni jambo la kujadiliwa. Lakini mbunge kusema si sheria kubadilika, na sheria haikubadilika.

Sheria yetu ni ipi basi? Ile ya zamani ilikuwa ya mwaka 1995. Ikafutwa, ikaja Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, ikarekebishwa mwaka 2017 na baadaye tena. Hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka mnayoisikia redioni. Zanzibar wana sheria yao wenyewe, lakini msidhani kwamba ni nyepesi. Kwa Bara, bangi ni marufuku kulima, kuuza, kununua, kubeba, kuweka na kuvuta. Hakuna umri ambao ukifika unaruhusiwa. Na mirungi imo humo humo.

Hapo mnasema, "Hilo tunalijua." Ngojeni.

Kuna neno moja ambalo nataka mwondoke nalo leo: kusafirisha. Wewe ukisikia kusafirisha unaona lori linaelekea Tunduma. Sheria haioni hivyo. Katika sheria hii neno hilo limepanuliwa, limebeba kuuza, kununua, kutoa bure, kugawa, kuhifadhi, kuwa nayo mkononi, kupeleka. Rafiki akikuambia "niwekee huu mfuko hadi jioni," wewe ukauweka chini ya kitanda huku ukijua kilichomo, mbele ya sheria unaweza kuwa msafirishaji, na hujatoka hata nje ya chumba chako. Adhabu ya kusafirisha inategemea uzito: ni miaka 30, au ni kifungo cha maisha. Na mzigo ukiwa mkubwa, dhamana hakuna. Utaingoja kesi ukiwa mahabusu.

(Kijana mmoja wa nyuma aliuliza: "Na mwenye msokoto mmoja, Sista?")

Kipo kifungu chake. Mtu akikutwa na kiasi kidogo, na ikathibitika kwamba ni cha kuvuta mwenyewe, adhabu yake ni nyepesi kuliko ya msafirishaji: faini, au kifungo cha miaka michache, au vyote viwili. Vilevile hakimu anaweza kumwelekeza mtumiaji kwenye tiba. Lakini hilo neno "ikathibitika" si dogo. Anayelithibitisha si wewe kwa kuapa. Kete tano zilizofungwa mojamoja zinaongea lugha nyingine kabisa na msokoto mmoja mfukoni.

Sasa niwaambie kisa, maana najua hapa kuna wenye pikipiki.

Kuna kijana mmoja, simtaji jina wala kijiji, mke wake alikuwa akileta mtoto kliniki kwangu. Siku moja mtu anayefahamiana naye kwa sura tu alimpa kiroba cha viazi akipeleke stendi, akampa na elfu kumi. Nyie mnajua bei ya safari ya stendi. Elfu kumi! Yule kijana hakuuliza. Au niseme ukweli, alijiuliza moyoni, akajijibu kwamba ya mtu ni ya mtu. Katikati ya viazi kulikuwa na majani. Mwenye kiroba hakuonekana tena mpaka leo. Kijana alisema hakujua, na huenda hakujua, lakini ile elfu kumi ilimsuta. Alihukumiwa miaka 30. Siku ile mtoto wake alikuwa na miezi minne. Sasa anasoma shule, na ukimuuliza baba yuko wapi anasema "yuko safari." Mama yake ndiye aliyemfundisha kusema hivyo.

Makambako yetu ni njia panda. Barabara ya Mbeya hii, ya Songea hii, Iringa kule, na reli ya TAZARA inapita hapa hapa. Mizigo ya kila namna inapita mikononi mwenu. Kwa hiyo ulizeni. "Mzigo gani huu, bosi? Tufungue tuone." Akikasirika, mwache aende na elfu kumi yake. Akikupigia simu kwamba kuna mtu ataupokea mbele, mwambie apande naye basi.

Na ukikamatwa? Usikimbie na usipigane. Mzigo ukipekuliwa, inajazwa hati ya ukamataji ikionyesha kilichochukuliwa. Isome, au omba usomewe, kabla hujaweka sahihi. Majani hayo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sababu mahakama haihukumu kwa harufu. Na kama huna fedha za wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii wakuelekeze. Wengi wanafungwa bila kujua hata kwamba wangeweza kuuliza.

Nigeukie wagonjwa, maana hapa ndipo roho yangu inapouma.

Mama mmoja alinijia na mtoto mwenye kifafa. Mtoto alikuwa anakunywa fenobabito, degedege zilikuwa zimepungua hadi moja kwa mwezi. Kisha kaka wa yule mama akaona kwenye simu kwamba Ulaya wanatibu kifafa kwa mafuta ya bangi. Akanunua chupa kwa mtu, haina lebo wala tarehe. Wakaacha fenobabito siku hiyo hiyo. Siku ya tatu mtoto alianguka mfululizo, moja haijaisha nyingine inaanza, akaletwa hana fahamu. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mguu mmoja anauburuza.

Yule kaka hakuwa mjinga, na alichokisoma hakikuwa uongo mtupu. Ipo dawa inayotolewa kwenye mmea wa bangi, inaitwa kanabidioli. Marekani waliipitisha mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Lakini imesafishwa, haina kile kilevi kinachopandisha kichwa, kipimo chake kinajulikana kwa kilo za mtoto, na daktari anapima ini la mtoto anapoitumia. Nao hawaachishi dawa za zamani ghafla, kwa kawaida wanaiongeza juu yake. Chupa ya mtaani ina nini? Hata muuzaji hajui. Na ndugu, dawa ya kifafa haikatishwi ghafla kwa sababu yoyote ile, iwe bangi, maombi au mganga. Ukitaka kubadili, rudi kwa aliyekuandikia.

Mwingine ataniambia, "Sista, sheria haina huruma na mgonjwa." Si kweli kabisa. Mofini ni dawa ya kulevya, tena kali kuliko bangi, imo katika sheria hiyo hiyo. Lakini mgonjwa wa saratani aliyeshikwa na maumivu hupewa mofini ya maji hospitalini, kwa karatasi ya daktari, na hakuna anayemkamata. Sheria imeacha mlango kwa tiba, ila mlango huo unapitia hospitali. Kama bibi yako analia usiku kwa maumivu ya saratani, usimtafutie majani. Nenda hospitali, Ilembula au Njombe, useme wazi: "Dawa hizi za kawaida hazimsaidii, tunaomba za maumivu makali." Sema bila aibu. Sisi wauguzi nasi wakati mwingine hatuulizi, hilo ni kosa letu.

Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa nao ulipiga kura kule Vienna, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye orodha ya zile dawa zilizohesabiwa kuwa hatari sana na zisizo na faida ya tiba. Watu wakashangilia kana kwamba imehalalishwa dunia nzima. Bado imo kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na kila nchi iliachiwa sheria zake.

Kuhusu afya kwa ufupi, kama nilivyoahidi. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka kama miaka 25. Anayeanza kuvuta akiwa na miaka 14, 15, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa, hasa kama kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua akili. Katika watumiaji kumi, kama mmoja hunaswa akashindwa kuacha. Na mwenye bodaboda aliyevuta huchelewa kushika breki, hata kama anajiona dereva bora Njombe nzima. Ulanzi nao unafanya hivyo hivyo, msinitazame hivyo, nao sijausahau. Ukiona wewe au mwenzako ameshindwa kuacha, njoo zahanati. Kwangu mimi huyo ni mgonjwa, sina haja ya kumpeleka kituo cha polisi. Ipo pia namba ya Mamlaka ya kupiga bure, 119.

Maswali? Wewe, binti.

("Sista, bibi yangu ana mche mmoja tu nyuma ya choo. Havuti. Anawapa kuku wakiugua.")

(Watu walicheka sana.)

Msicheke, hata bibi yangu alifanya hivyo. Lakini sheria inasema kulima, haisemi kulima ekari. Mche mmoja ni mche, na kifungo cha kulima kinafika miaka 30. Bibi mwenye miaka 70 ataimalizia wapi? Mwenye shamba au nyumba anayejua na kunyamaza naye anaweza kuingizwa. Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, mng'oeni pamoja, kwa heshima, msimpigie kelele.

Na kuku wake wanakufa na kideri, siyo? Shingo zinapinda, wanaharisha kijani? Bangi haitibu kideri, hakuna kinachokitibu kikishaingia. Ipo chanjo ya matone, tone moja kwenye jicho, kila baada ya miezi mitatu, kabla hawajaugua. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo bibi achange na majirani. Mwone afisa mifugo wa kata. Njoo tukimaliza nikuelekeze anakokaa, maana naona wingu linakuja kutoka upande wa Njombe.