Kuhamisha Matairi ya Motokaa

Leo twapenda kusema nanyi juu ya matairi ya motokaa, hasa juu ya desturi ya kuyahamisha: la mbele kupelekwa nyuma, na la nyuma kuletwa mbele. Wako wasemao kwamba ni kazi bure, na wako wafanyao bila kujua sababu yake. Yafaa tuyapime maneno ya pande zote mbili.

Katika nchi ya kusini jambo hili si dogo. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Na reli ikatandikwa kuunganisha pwani na Nachingwea. Mpango ulipokufa, reli ilikosa mzigo, ikafungwa katika miaka ya 1960. Tangu hapo korosho za Newala, Tandahimba na Masasi hushuka pwani kwa magari, samaki wa Msimbati hupanda bara kwa magari, na mgonjwa wa bonde la Ruvuma apelekwaye hospitali ya Ligula huchukuliwa kwa gari. Na gari dogo, pamoja na wote waliomo, husimama juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi mahali pasipozidi sana kiganja cha mkono.

Kwa nini basi matairi ya gari moja hayaliki sawasawa? Magari madogo mengi ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu hayo huvuta, hukata kona, huchukua uzito wa injini, na breki zikikanyagwa hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma hufuata tu. Kwa hiyo ya mbele huchakaa kwanza. Katika gari lisukumwalo na magurudumu ya nyuma, kama pikapu nyingi, ya nyuma huliwa kwa kusukuma na kubeba, na ya mbele huliwa kingoni kwa kukata kona. Bandu bandu, huisha gogo.

Wapingao husema, “Kuhamisha tairi hakuongezi mpira.” Neno hilo ni kweli. Lakini faida haimo katika kuongeza mpira; imo katika kugawa kazi. Asiyehamisha hujikuta na matairi mawili mazuri na mawili yenye kipara. Na mvua za kusini hunyesha tangu Novemba au Desemba hata Aprili, wakati korosho nyingi zingali njiani. Meno ya tairi, ambayo mafundi huyaita kashata, kazi yake ni kuyatoa maji chini ya gurudumu. Yakiisha, gari huelea juu ya maji, wala usukani hausikii tena. Mwenye kuhamisha matairi huyaona yote manne yakizeeka pamoja, naye hupata nafasi ya kuweka akiba ya fedha kabla hayajamwangusha.

Sasa twaeleza njia yake. Kitabu cha gari ndicho kitangulie. Kisipokuwapo, hamisha kila baada ya kilomita 8,000 hata 10,000. Gari likivutwa na magurudumu ya mbele, ya mbele yaende nyuma upande ule ule, na ya nyuma yaje mbele kwa kupishana: la kushoto lije kulia, na la kulia lije kushoto. Gari likisukumwa na ya nyuma, au na yote manne, fanya kinyume: ya nyuma yaje mbele moja kwa moja, na ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. Lakini tazameni ubavu wa tairi. Likiwa na mshale, limefanywa lizunguke upande mmoja tu. Lisivushwe kwenda upande wa pili. Na kama matairi ya mbele na ya nyuma si ya ukubwa mmoja, yaacheni mahali pake.

Mwenye jeki moja asikate tamaa, maadamu tairi lake la akiba ni la ukubwa ule ule. Katika gari livutwalo na ya mbele, afungue la nyuma kushoto, aweke la akiba. Lile alilolitoa alifunge mbele kulia. La mbele kulia liende nyuma kulia. La nyuma kulia liende mbele kushoto. Na la mbele kushoto liende nyuma kushoto, mahali pa la akiba. Hivyo gurudumu moja tu huwa juu kila mara.

Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, si juu ya mchanga, na mawe yawekwe kuzuia magurudumu yaliyo chini. Nati zilegezwe kabla ya kuinua. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu. Katika kufunga, kazeni nati moja, kisha ile inayoielekea, wala si kwa kufuata duara. Na baada ya mwendo wa kilomita 50 hata 100 zikazeni tena. Mwisho pimeni upepo matairi yakiwa ya baridi, kwani kipimo cha mbele na cha nyuma huenda kikatofautiana.

Lori lenye magurudumu pacha lina sheria yake. Matairi mawili yakaayo pamoja yatakiwa kulingana kwa kimo, kwa maana lililo kubwa hubeba mzigo wa mwenziwe, likapata moto na kupasuka. Kazi hiyo mpeni fundi.

Tena kila mhamishapo, lisomeni tairi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba. Likiliwa katikati, upepo ulizidi. Likiliwa ukingo mmoja, magurudumu hayakunyoshwa vema, na kulihamisha tairi hilo ni kuupeleka ugonjwa penye uzima. Dereva aliyepunguza upepo ili apite mchanga wa pwani ya Msimbati asisahau kuurudisha afikapo njia ngumu.

Mwisho, kuhamisha hakuponyi tairi lililopasuka ubavuni, wala lililozeeka kwa jua, wala lenye kashata isiyofika milimita 1.6, kipimo ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho kwa magari madogo. Hilo litolewe, hata kama fedha ni chache. Shilingi iliyookolewa kwa tairi bovu hudaiwa penye mteremko wa Newala siku ya mvua, na wanaoilipa ni wale waliokaa nyuma, ambao hawakuulizwa.