Makuta ya mupira ni makuta ya nani?

Maneno yetu mbele ya vijana mashabiki wa mupira, Lubumbashi



Tunawasalimia wote: wa Mazembe, wa Lupopo, na wale wenye wanapenda mupira tu bila ekipe. Tunawashukuru kukaa pamoja fasi moja, juu tunajua namna derby ya huu muji inagawanya hata ndugu wa nyumba moja.

Kuna wenye walituuliza: ninyi watu wa maji, wa umeme na wa barabara, munatafuta nini mu mupira? Jibu letu ni hili: kijana wa Kamalondo, wa Kenya ao wa Katuba anajua kuuliza maswali ya feza vizuri kabisa, lakini anayauliza paka juu ya kilabu za Ulaya. Sikilizeni mabishano yetu ya kila magaribi. Tunajua kama PSG ilitoa euro milioni 222 mwaka 2017 juu ya kumutosha Neymar Barcelona. Tunajua kama nyuma ya PSG kuko makuta ya Qatar tangu 2011. Tunajua kama Messi alitoka Barcelona mwaka 2021 juu kilabu ilikuwa na deni lenye lilipita euro miliari 1, na sheria za ligi ya Uhispania hazikuiacha imuandike tena. Tunabishana mishahara, mikopo na kontra sawa vile tuko wahasibu wa kule.

Sasa tuulizane: kilabu ya hapa kwetu iliuzisha muchezaji wake wa mwisho kwa bei gani? Nani alipokea? Feza zilifanya nini? Hapo wote tunanyamaza. Tunajua kese ya London na ya Paris, ya nyumbani hatuijui. Leo tunataka kuvunja ile kimya.

Tuanze na namna muchezaji anauzwa. Kwa kweli hauuzi mutu, unauzisha kontra. Muchezaji mwenye kontra ya miaka tatu akitoka mbele ya wakati, kilabu mupya inalipa kilabu ya zamani. Kontra ikiisha, anaenda bure. Hiyo bure haikuwa zawadi: ililetwa na muchezaji mumoja wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, mwenye alipeleka kesi yake mpaka ku tribinali ya Ulaya na akashinda mu Desemba 1995. Mutu mumoja alikataa, na sheria ya mupira ikabadilika. Mukumbuke hiyo.

Kuko sheria ingine, na hii inatuhusu sisi maskini zaidi. FIFA inasema hivi: muchezaji akitoka inchi moja kwenda ingine mbele ya kontra kuisha, asilimia 5 ya ile bei inagawanywa kwa kilabu zote zenye zilimukomalisha tangu miaka 12 mpaka 23. Kila mwaka wa kati ya 12 na 15 unapewa asilimia 0.25. Kila mwaka wa kati ya 16 na 23 unapewa asilimia 0.5. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Mutoto amecheza mu ekipe ya mutaa tangu miaka 12 mpaka 18. Miaka ine ya kwanza inafanya asilimia 1. Miaka tatu ya nyuma inafanya 1.5. Jumla ni 2.5. Siku kilabu ya Ulaya itamuuzisha kwa ingine ya inchi ya mbali kwa euro milioni 10, ile ekipe ya mutaa iko na haki ya euro 250,000. Tena siku atauzwa mara ingine, inapata tena. Na mbali na hiyo, kuko malipo ya kumukomalisha, yenye yanatolewa akitia sahihi kontra yake ya kwanza ya kazi.

Euro 250,000 mu Katuba! Ni mipira, viatu, kiwanja chenye majani, mushahara wa makocha, na karo ya masomo ya watoto wengi.

Lakini ile feza haiji yenyewe. Tangu Novemba 2022 FIFA iko na nyumba yake mu Paris yenye inapitisha hayo malipo. Ile nyumba inaangalia kitu kimoja: mutoto aliandikwa fasi gani, mwaka gani, na nani. Kama jina lake haliko ku federasio, kama tarehe ya kuzaliwa ilibadilishwa juu aonekane mudogo, kama ekipe yenyewe haina karatasi, basi haki inapotea. Watu wengi wanasema wazungu wanatuibia. Wengine wanatuibia kweli. Lakini hii wanatuacha nayo, na sisi wenyewe tunaitupa juu ya kukosa kaye na bic.

Angalieni mufano wa Mbwana Samatta. Alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, akaja hapa kwetu Mazembe. Mwaka 2015 alikuwa mufungaji wa kwanza na akabeba kombe la Afrika pamoja na ekipe. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Genk ikamuuzisha Aston Villa ya Uingereza. Mazembe ilikaa naye tangu miaka 18 mpaka 23. Kwa ile sheria, ile siku ya Aston Villa Mazembe ilikuwa na haki ya kipande, na kilabu zake za Tanzania pia. Fiston Mayele naye alitoka V.Club mwaka 2021 akaenda Young Africans, halafu mwaka 2023 akaenda Pyramids ya Misri. Kila hatua ya hawa vijana iko na karatasi na iko na bei. Shabiki iko na haki ya kujua.

Sasa tuje ku swali lenye linachoma: kilabu ni ya nani?

Hapa tuseme kweli bila woga na bila matusi. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939. Ilibeba kombe la Afrika 1967 na 1968, halafu ikakaa zaidi ya miaka 40 bila kulibeba tena. Moïse Katumbi akachukua uongozi mwaka 1997, na makuta yake yakaonekana: kombe la 2009, la 2010, la 2015, na uwanja wa Kamalondo wenye ulifunguliwa 2011. Mu Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa kilabu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya dunia, mbele ya Inter ya Milano. Tulifungwa 3-0, lakini ile siku Kongo nzima ilisimama. Hatuwezi kuficha hiyo kazi. Mwenye kutenda mema asifiwe.

Lakini angalieni pande zote. Mazembe iko nyuma ya mutu mwenye alikuwa guverneri wa Katanga na anatafuta urais wa inchi. Lupopo, ekipe ya Cheminots, nayo ikapata prezida mwenye alikuwa guverneri wa Haut-Katanga. V.Club ya Kinshasa iliongozwa miaka mingi na jenerali wa jeshi. Je, hii ni bahati tu? Hapana. Mupira unaleta watu wengi, na mwanasiasa anatafuta watu wengi. Anatoa makuta, tunamupa jina lake mu nyimbo zetu. Kisha siku ya uchaguzi anakuja kuhesabu.

Na siku mukubwa anapata matatizo, ekipe inapata matatizo pamoja naye. Kama munafikiri ni maneno ya Kongo tu, angalieni Chelsea. Abramovich aliinunua mwaka 2003, akaleta makombe yote. Machi 2022, juu ya vita ya Ukraine, serikali ya Uingereza ikafunga mali yake. Kwa juma chache tu, kilabu tajiri ya London ikakatazwa kuuzisha tiketi mupya, kununua muchezaji, hata feza ya safari ya kila mechi ikawekewa kipimo. Mashabiki wenye hawakukosea kitu wakalipa deni la mwenye mali. Ile ilikuwa kilabu yenye vitabu na maavoka. Yetu yenye haina kitabu itakuwa namna gani?

Kuna wenye watasema: mutu analeta makuta yake mwenyewe, mutamuuliza nini? Ni swali nzuri. Tunajibu hivi. Kilabu zetu nyingi zimeandikwa kama ASBL, chini ya sheria ya 20 Julai 2001. ASBL haina mwenye. Iko na memba na mukutano mukubwa, na ule mukutano njo unakubali hesabu na bajeti. Mutu akisaidia ASBL, tunamushukuru, lakini haigeuke nyumba yake. Tena si makuta yake peke yake. Tiketi ni yetu. Jezi tunanunua sisi. Muchezaji mwenye anauzwa ni mutoto wa mama wa hapa. Na kama mwenye kutoa ni kiongozi wa Leta, raia iko na haki ya kujua kama ile feza ilitoka mu mufuko wake ao mu kese ya provensi.

Wengine watasema: basi tufanye sawa na Barcelona, kilabu iwe ya memba. Ni vizuri, memba wanachagua prezida na hesabu zinapita mu mukutano wao. Lakini hata Barcelona ilikula feza yenye haikuwa nayo, mpaka Messi akatoka analia. Wadachi wana sheria yao: kwa kilabu karibu zote, memba wanabakia na sauti zaidi ya nusu, hata tajiri alete nini. Na jirani zetu wa Tanzania walichukua njia karibu na hiyo: Simba ilipofungulia muwekezaji mulango, walisema memba wabakie na 51, yeye asipite 49. Walibishana sana, na bado wanabishana. Lakini wanabishana mbele ya watu, na namba ziko ku meza. Hiyo tu njo tunatafuta.

Tena kuko makuta ya Leta. Mwaka 2025 serikali yetu ilitia sahihi kontra na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona juu jina la Kongo lionekane kule. Ya Barcelona peke yake, magazeti yaliandika zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka 4. Wengine wetu walifurahi kuona jina la inchi, na tunawaelewa. Jirani walitangulia: Visit Rwanda iliingia ku mukono wa Arsenal mwaka 2018, kisha PSG, kisha Bayern. Lakini angalieni kitu chenye kilitokea. Februari 2025, wakati Goma na Bukavu zinalia, minisitiri wetu wa mambo ya inje aliandikia zile kilabu tatu. Mashabiki wa Arsenal wenyewe wakafanya kampeni. Agosti, Bayern ikabadilisha kontra yake. Novemba, Arsenal ikatangaza kama haitaendelea kisha msimu. Shabiki aliuliza: hii feza inatoka wapi? Na swali lake likafika.

Basi kama shabiki wa London aliweza kuuliza, shabiki wa Kamalondo atashindwa na nini?

Raia wenzetu, tunaomba mambo tano.

Moja: kila kilabu ya ligi itoe karatasi moja kila mwisho wa msimu. Feza zilizoingia, feza zilizotoka, wachezaji waliouzwa, bei, na deni la mishahara.

Mbili: kila ekipe ya mutaa ishike kaye. Jina la mutoto, tarehe ya kweli ya kuzaliwa, msimu, sahihi ya muzazi. Kisha iende kumuandikisha ku federasio, na ishike kopi. Vijana wenye wanajua informatiki, hii ni kazi yenu. Tusaidie makocha bila kulipwa.

Tatu: hakuna mutoto chini ya miaka 18 kuvushwa mupaka juu ya mupira. FIFA inaikataza, isipokuwa kwa sababu chache. Mutu akija kwa wazazi na kuomba makuta ya pasipoti na ya viza juu ya «test» ya Ulaya, huyo si wakala. Wakala wa kweli iko na leseni, na halipwi na mama mwenye kuuzisha bugari ku soko.

Ine: kontra yote ya mupira yenye inalipwa na Leta, ya inje ao ya ndani, iwekwe wazi, raia waisome.

Tano: sisi wenyewe tubishane bila kupigana. Shabiki wa Lupopo akiuliza hesabu ya Mazembe, asiitwe adui. Na wa Mazembe vilevile. Deni la mishahara halina rangi ya jezi.

Hatuko kambi ya prezida yeyote wa kilabu. Kati yetu kuko wenye watalia Mazembe ikifungwa, na wenye watacheka. Lakini wote tutapata hasara mutoto wa Ruashi akienda, akitajirisha watu wa mbali, na kiwanja chake cha udongo kikibakia vilevile.

Juma hii, kila mumoja wetu aende ku ekipe ya mutaa wake na aulize swali moja tu: kaye iko wapi? Kama haiko, tuinunue pamoja. Tutaanzia pale.