Folda ya Pamoja Haifunguki? Angalia Mtandao Kwanza

Msikilizaji, picha za familia ziko kwenye folda ya pamoja katika kompyuta ya sebuleni. Kompyuta ya chumbani haiioni. Usikimbilie kwa fundi.

Hakikisha kompyuta zote mbili zinatumia Wi-Fi ileile. Wi-Fi ya wageni, hata ikitoka kwenye ruta hiyohiyo, kwa kawaida hutenganisha vifaa.

Wengi hukwama hapa: Windows ikiuhesabu mtandao wako kuwa wa umma, huificha kompyuta isionwe na nyingine. Hotelini huo ni ulinzi mzuri. Nyumbani ni kikwazo. Kwenye kompyuta yenye folda, fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la Wi-Fi yako, kisha chagua mtandao binafsi. Halafu ruhusu kushiriki mafaili.

Ukiulizwa nywila kwenye kompyuta ya chumbani, andika ile ya akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye folda. Ile namba fupi ya kufungulia skrini haikubaliki hapa. Na tafadhali sana, usizime ulinzi wa Windows ili mambo yaende haraka.

Narudia: Wi-Fi ya nyumbani, chagua mtandao binafsi. Wi-Fi ya hoteli au mgahawa, iache iwe ya umma.