Kabla ya Kutuma Bati

Msikilizaji, ukishuka Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida–Nzega, ukaingia vijijini, utakuta kaya walimobaki wazee na wajukuu. Vijana wako mjini wanatafuta maisha. Wakikumbuka nyumbani, wanatuma bati. Bati ni jema, lakini kinachomwangusha bibi si paa, ni choo.

Choo chenyewe cha shimo kiko nyuma ya zizi, usiku ni giza, na ndani ni kuchuchumaa. Magoti ya miaka 75 yatainukaje? Mchimbieni nguzo mbili za mti mgumu, moja kila upande wa tundu, apate pa kushika. Mchongeeni kiti cha mbao kilichotobolewa katikati. Fundi wa kijijini anaiweza kazi hiyo, wala hahitaji ramani.

Halafu jiko. Moshi wa kuni huyafanya macho kuwa mekundu, na kule Kanda ya Ziwa macho mekundu yamewaponza bibi zetu: wameitwa wachawi, wakakatwa mapanga. Dirisha la jikoni si urembo.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Zanzibar ilianza kulipa pensheni kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016. Huku Bara, mkulima asiye na mfuko wa hifadhi ya jamii bado anategemea wanawe. Basi mnaokwenda nyumbani Desemba, kabla ya kununua rangi ya ukuta, pimeni kimo cha kizingiti anachokiruka mama yenu kila siku, na umbali anaobeba ndoo.