Goti Lililohama na Kuachwa: Tulirudishe kwa Kisu au kwa Subira?

Sizungumzii kilegesambwa kilichochomoka pembeni. Nazungumzia muundi ulioachana na mfupa wa paja, ukakaa hivyo zaidi ya wiki 3.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi aliangushwa na pikipiki, akaanzia kwa fundi wa kuunga mifupa, akakandwa na kufungwa vijiti. Tusimlaumu haraka. Hata hospitalini, majeruhi anayevuja damu tumboni hushughulikiwa tumbo kwanza, na goti likasahaulika.

Kwamba amefika na mguu ulio hai ni jambo la kulitafakari. Ateri ya nyuma ya goti imeshikizwa juu na chini, hivyo mifupa ikihama huchanika kwa urahisi, na mguu uliokosa damu kwa saa 6 hadi 8 huwa hatarini kukatwa. Tunaowaona wamechelewa ni walionusurika. Hata hivyo, ateri inaweza kuwa imeziba huku vijishipa vya pembeni vikiubeba mguu. Pimeni shinikizo la damu la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9, tafuteni picha ya mishipa kabla ya kushika kisu. Mwambieni pia ainue wayo. Akishindwa, andikeni kwenye faili siku hiyohiyo, isije ikasemwa baadaye kuwa neva inayouinua imeharibiwa na daktari.

Ndani ya goti, kovu limejaza nafasi, msuli wa mbele ya paja umefupika, gegedu imechakaa na mfupa umekuwa laini. Kwa jeraha la wiki chache, kulifungua goti kwa mara moja kunafaa: kovu linaondolewa, msuli unarefushwa, mifupa inashikiliwa kwa pini au vyuma vya nje. Torniketi ilegezwe kabla ya kushona, tuone rangi ya vidole.

Lakini mifupa ikiwa imepandana kwa miezi, mimi siafiki kuivuta kwa nguvu mezani. Ateri nayo imefupika, na mfupa laini huvunjika. Hapo naona bora pete za Gavriil Ilizarov, aliyeanza kuzitumia Siberia miaka ya 1950: tuvute takriban milimita 1 kwa siku, tukikagua mapigo ya mguu na hisia za wayo kila siku. Kazi inachosha, na njia za nyaya zinazoshikilia pete kwenye mfupa hutunga usaha zisiposafishwa. Kuunda upya kano zote papo hapo naona ni pupa. Kwa wengine kovu lenyewe hulishika goti vya kutosha.

Gegedu ikiwa imekwisha, mzee anaweza kuwekewa goti bandia lenye bawaba, akilimudu. Kijana anayebeba mizigo atalilegeza mapema. Kwake kuunganisha mifupa ya goti moja kwa moja si kushindwa: mguu hauumi na unabeba uzito. Gharama yake ni kwamba goti halikunjiki tena, iwe kwenye daladala, chooni au kwenye mkeka wa kuswalia. Kwa hiyo, kabla ya kukubaliana, namfunga plasta iliyonyoosha goti, aende nayo nyumbani wiki moja au mbili, kisha arudi aniambie yeye.